Deo Anatoa Ushahidi

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, Halfani alifunga leso kwenye kipaza sauti akaikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Leso ilizuia mate, na ilifanya maneno yenye pa na ba yasipasue spika. Alikunywa tangawizi ya moto vikombe viwili. Mlangoni Awadhi alikuwa ameshaanza kupokea kiingilio, na juu ya kichwa chake ubao ulisema kwa chaki: LEO NI KARANI WA STESHENI. STERINGI: DEO. Kutoka stendi ya Masasi, hatua chache nyuma ya kibanda cha video, zilisikika sauti za wapiga debe wakiita abiria wa Newala.

Kazi ya Halfani ilikuwa kutafsiri picha za Kihindi. Kihindi chenyewe hakukijua, na hakuna mtu Masasi aliyemlaumu kwa hilo. Aliangalia kila picha mara sita au saba peke yake, sauti ikiwa imezimwa, mpaka akajua nani anamtaka nani, nani anamwonea nani, na mama gani amefichwa nini. Siku ya kuonyesha aliipunguza sauti ya Wahindi, akaipandisha yake, akazungumza kwa niaba ya wote: steringi, adui, mama mkwe, hakimu, hata mbwa kama amebweka kwa sababu. Wateja walimwamini. Wakiona mdomo wa Mhindi unacheza, waligeuzia sikio kwenye spika, maana maneno yalikuwa yanatoka huko.

Sasa kuhusu Deo. Jina lake kamili, kwa jinsi lilivyoandikwa mwanzoni mwa picha, ni Harivansh Deolkar, lakini Masasi hakuna mwenye muda wa jina kama hilo. Wakamwita Deo, kama vile ni kijana wa Ndanda aliyebatizwa misheni. Aliigiza picha kumi na moja, zote za zamani kidogo. Hachezi dansi mlimani. Hapigi watu ishirini kwa mkono mmoja. Ni mwanamume mwembamba, mwenye miwani, shati amelifunga mpaka kifungo cha juu, na anaweza kunywa chai dakika mbili nzima ukaona, kwa jinsi anavyoinua kikombe tu, kwamba mke wake amemwacha. Waigizaji wengine wakilia wanalia na vinanda nyuma. Deo akitaka kulia anatafuta kwanza mahali pa kuweka kofia. Wanaojua picha wanajua kwamba hakuna aliyemzidi, na wanaojua picha ni wachache kila mahali.

Shida yake ilikuwa moja: Deo anakufa. Kila mtoto wa Masasi anajua kwamba steringi hafi. Atapigwa risasi sita, atatumbukia mtoni, atatoka na bandeji na wimbo. Deo anakufa katika picha zote kumi na moja, na hafi kwa bahati mbaya. Anaona jambo, anaulizwa, analisema, wanamuua. Ndiyo maana vibanda vingine viliacha kumwonyesha. "Steringi gani huyo," watu walisema wakitoka wamenuna. Halfani alimng'ang'ania miaka sita. Aliwaambia wateja waiangalie ile mikono, alisema mikono ya Deo peke yake ina ukweli kuliko picha nzima za hao wengine. Wateja walimvumilia, kwa kuwa Jumatano na Ijumaa aliwawekea picha za ngumi.

Mwaka jana, baada ya mfungo wa Ramadhani, Deo alianza kusalimia. Picha ilianza kama kawaida, stesheni, moshi, kuku kwenye tenga, kisha karani akainua macho kutoka kwenye daftari la tiketi akasema, "Shikamooni, wazee." Benchi la mbele likajibu, "Marahaba." Bwana Dadi, mzee ambaye watu wengi wa mtaa ule walimpelekea ugomvi wao awasuluhishe, alisema kijana amelelewa. Hakuna aliyeshangaa. Mtu ambaye kwa miaka sita amesikia Kiswahili kikisemwa juu ya mdomo wake mwenyewe atakosaje kushika mawili matatu? Na kwa vile nusu ya wateja walikuwa Wamakonde walioteremka kutoka Newala, na walipiga soga zao humo humo karanga zikiwa mdomoni, Deo alishika na Chimakonde.

Halfani alifurahi wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kuogopa.

Katika Karani wa Stesheni, karani anamwona mtoto wa tajiri akimsukuma mtu kwenye reli treni inapoingia. Anaitwa mahakamani. Anavua kofia, anaiweka, anasema maneno machache sana, watu wananong'ona. Akitoka nje anapigwa risasi kwenye ngazi. Wiki ile ya tatu maneno hayakuwa machache. Deo aliweka kofia, akaacha kumtazama hakimu, akamtazama Halfani, akaanza kumwaga Kihindi kirefu. Katikati ya Kihindi kile Halfani alisikia Newala. Akasikia Jumanne. Akasikia Nikolao. Halafu, wazi kabisa, Sultani.

Halfani akafungua mdomo akamfunika. "Mheshimiwa hakimu," alisema kwenye kipaza sauti, kwa kelele kuliko ilivyohitajika, "mimi ni mtu mdogo, nakuheshimu wewe, namheshimu mama yako aliyekuzaa, naiheshimu na meza yako." Aliendelea hivyo mpaka Deo alipofika kwenye ngazi. Leso ilikuwa imelowa jasho. Kwenye kiti cha plastiki, kile kimoja kilichowekwa mbele ya mabenchi yote, Mzee Sultani alikuwa anakula karanga.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Miaka miwili nyuma, Jumanne, mwezi wa kumi, Halfani alikuwa anatoka Newala na spika ya mtumba ameifunga nyuma ya pikipiki. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho. Alisimama kando ya njia kukaza kamba, akaokota bibo moja chini ya mkorosho akawa analinyonya, na kati ya mikorosho akawaona Sultani na Nikolao wakibishana juu ya mpaka. Nikolao alikuwa na shamba dogo, lenye mikorosho mizuri iliyopandwa na babu yake, na shamba la Sultani lilikuwa limelizunguka pande tatu. Nikolao aling'oa kigingi akakitupa. Sultani alikwenda kwenye gari lake, akarudi na spana ya magurudumu, akampiga nayo kichwani mara mbili, ya pili bila haraka. Huko juu maji ni shida, kila nyumba ina shimo la saruji la kuvunia maji ya mvua, na lile la zamani la Sultani lilikuwa limepasuka, halitumiki. Alimburuta mpaka hapo akamtumbukiza. Aliporudi kuchukua kofia ya Nikolao ndipo alipomwona Halfani na bibo mkononi.

"Halfani," alisema. "Umefuata nini huku juu?"

"Spika, mzee."

"Inafanya kazi?"

"Sijaijaribu."

"Basi nenda kaijaribu."

Hayo tu. Hakumtishia, siku ile wala baadaye. Kibanda kilikuwa katika jengo la Sultani, na wiki iliyofuata alileta fundi akaezua mabati yaliyokuwa yanavuja, akaweka mapya. Akaanza kuja kila Jumamosi kuangalia picha. Watu wakasema Mzee Sultani ana moyo. Nikolao wakasema amevuka Ruvuma, yuko Msumbiji na mwanamke.

Siku moja Halfani alikwenda kituo cha polisi. Alifika mpaka barazani. Ng'ambo ya barabara aliona gari la Sultani limeegeshwa, halina mtu ndani, na alipoulizwa shida yake akasema amepoteza kitambulisho. Alitoka na karatasi yenye muhuri, inayothibitisha kupotea kwa kitambulisho kilichokuwa mfukoni mwake. Tangu hapo alikuwa mwoga wa kila kitu. Aliogopa pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake. Aliogopa mtu akibisha hodi mara moja tu bila kurudia. Aliogopa kula mabibo.

Ndiyo maana, Deo alipoanza kusema, Halfani alibadilisha picha. Aliweka ile ambayo Deo ni mshona nguo, ile ambayo ni mwalimu kipofu, ile ambayo ni dereva wa gari la maiti. Katika kila moja, picha ikikaribia mwisho, Deo aliacha cherehani au fimbo au usukani, akavua kofia hata kama katika picha hiyo hakuwa na kofia, akaanza. Halfani aliweka picha ya ngumi isiyo na Deo kabisa. Kwenye harusi ya dada wa steringi, nyuma ya wapiga ngoma, alitokea mtu mwembamba wa miwani, amevaa koti la reli, ananyoosha mkono kuomba nafasi ya kusema.

"Huyo Deo kafuata nini kwenye picha ya watu?" aliuliza Awadhi.

"Kaazimwa," alisema Halfani, akapandisha sauti.

Mwisho aliirudisha Karani wa Stesheni, kwa kuwa pale angalau alijua hatari itatokea wapi. Na Mzee Sultani mwenyewe aliitaka. Alhamisi moja alisimamisha gari pembeni ya Halfani, karibu na soko, akamwambia apande. Walikwenda polepole, vioo vimefungwa. Miguuni pa Halfani spana ya magurudumu iligonga bati kila walipopita kwenye shimo.

"Yule Deo wako nampenda," alisema Sultani. "Unajua kwa nini? Kila mara anajua kwamba kwenye ngazi kuna mtu na bunduki. Na kila mara anatoka kwa mlango ule ule."

"Ndivyo picha ilivyotengenezwa, mzee."

"Ehe. Wewe ungetoka kwa mlango upi?"

Halfani alisema yeye si mwigizaji. Sultani alicheka vizuri tu, akamshusha mbele ya nyumba yake, ambayo Halfani hakuwahi kumwelekeza iliko.

Kwa hiyo kila Jumamosi ikawa mbio. Deo sasa alikuwa anasema Kiswahili, chenye lafudhi ile ile ya Halfani, na alikuwa amegundua kwamba mtafsiri lazima avute pumzi. Aliisubiri pumzi hiyo. Katika pumzi ya kwanza aliweka neno moja, spana. Wiki iliyofuata aliweka shimo. Wiki iliyofuata aliweka Nikolao, na watu wa benchi la nyuma wakaacha soga. Halfani akaanza kujizoeza nyumbani, anasoma tangazo la kalenda ya ukutani mwanzo hadi mwisho kwa pumzi moja, mpaka macho yanamtoka.

"Baba Ashraf," alisema mkewe, Faidha, "mbona unajifunza kupiga mbizi na Masasi hakuna bahari?"

Hotuba ya karani mbele ya hakimu ikarefuka. Ilimsifu hakimu, ikamsifu mama yake hakimu, ikasifu shirika la reli, ikasifu uji wa asubuhi. Wateja walisema Deo siku hizi ana maneno matamu. Halfani alimtazama yule mtu aliyempenda kuliko waigizaji wote, akiwa na mikono yake miwili juu ya mbao za kizimba, midomo inacheza bila kusikika, na alimchukia. Halafu akajichukia mwenyewe, na hilo lilidumu zaidi.

Lakini jina la Nikolao lilikuwa limeshatoka, na mtu mmoja akalipeleka juu kwa Mama Flora. Jina lake ni Josephina, mke wa Nikolao. Alikuwa akiteremka Masasi kila Jumamosi na gunia la ming'oko, vile viazi vya porini, la kuuza sokoni. Sasa akimaliza biashara alikuja kibandani, akalipa kiingilio, akakaa mwisho wa benchi na gunia lake tupu mapajani. Hakucheka palipochekesha. Alingoja mahakama.

Jumapili moja alifika nyumbani kwa Halfani na ming'oko kwenye mfuko.

"Shikamoo, Baba Ashraf."

"Marahaba, Mama Flora. Karibu ndani."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Faidha alikuwa anapepeta mchele uani, na ungo wake ukaacha kulia.

"Baba Ashraf, yule Deo anasema nini pale mahakamani?"

"Anamsifu hakimu."

"Maneno yote yale?"

"Wahindi wana heshima sana."

Mama Flora aliitazama mikono yake. "Mimi mwaka wa pili huu sijui nilie au nisubiri," alisema. "Padri ananiambia misa ya marehemu inataka marehemu. Mzee Sultani ana karatasi, anasema Nikolao alimwachia mikorosho kabla hajavuka kwenda Msumbiji. Msimu huu ukiisha nitoke na mwanangu. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kaniambia, mama, lete mtu mmoja aliyeona. Mmoja tu, nami nitasimama na wewe."

"Picha ni picha, Mama Flora."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwenye televisheni."

Halfani alimwonea huruma. Maneno yalipanda yote kwa mpangilio, siku, saa, kigingi, spana, shimo, yakafika kooni yakakaa foleni. Alichosema ni, "Mletee mgeni uji, Mama Ashraf." Mama Flora aliunywa wote, kwa adabu, akashukuru, akaondoka.

Faidha alirudi kuchukua kikombe. "Kuna kitu unakijua," alisema.

"Sikijui."

"Basi usikijue kwa sauti. Nina watoto watatu."

Jumamosi iliyofuata kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Deo alisalimia, akajibiwa. Treni iliingia, mtu akasukumwa, karani akaitwa. Aliweka kofia. Halfani alijaza mapafu, akasema, "Mheshimiwa hakimu," na umeme ukakatika.

Feni ilisimama. Kipaza sauti kilikufa. Televisheni ilizimika, hata kile kitaa chake chekundu, lakini Deo hakuzimika. Alibaki mle ndani, kwa mwanga wa alasiri uliokuwa unaingia mlangoni, akasubiri watu wakae vizuri. Kisha akasema kwa Chimakonde, kile cha watu wazima wa Newala, bila kubabaika. Alisema ilikuwa Jumanne. Alisema juu ya kigingi. Alimtaja aliyepiga na aliyepigwa, kwa majina yao na ya baba zao. Alisema pigo la pili halikuwa na haraka. Alisema shimo liko hatua ngapi kutoka barabarani, na kwamba kofia imo humo humo. Alisema palikuwa na mtu amesimama na bibo mkononi. Huyo hakumtaja, alimtazama tu. Halafu akasema amemaliza.

Mtu mmoja aliyekuwa ameweka karanga mdomoni hakuitafuna. Bwana Dadi alikohoa. Mzee Sultani hakugeuka.

Umeme ukarudi. Feni ilianza kuzunguka, spika ikakoroma, na kwenye televisheni kila kitu kilikuwa kimesimama kusubiri: Deo kizimbani, hakimu na kalamu yake hewani, mahakama nzima ya Wahindi imegeuza nyuso kutazama nje, kwenye mabenchi. Na mabenchi, kama ilivyo desturi, yakamgeukia mtafsiri.

"Kasemaje?" aliuliza Awadhi kutoka mlangoni. Awadhi ni Mmakonde, kazaliwa Newala, na mama yake hana lugha nyingine.

"Ehe, kasemaje?" alisema Bwana Dadi, ambaye Chimakonde hicho hicho ndicho alichosuluhishia watu.

"Tutafsirie, bwana," walisema wengine. Hawakusema kwa ukali. Walisema kwa kuomba, kama watu wanaoomba wafunguliwe mlango.

Mama Flora alikuwa amesimama. "Baba Ashraf," alisema. "Sema wewe."

Sasa Mzee Sultani aligeuka. Uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu anayengoja chai iletwe. "Tafsiri, Halfani," alisema. "Tunakusikiliza. Spika si inafanya kazi?"

Halfani alivuta pumzi. Alikuwa na pumzi ya kutosha, alikuwa amejizoeza. Alimtazama Deo, akaiona ile mikono juu ya mbao, haitetemeki. Nyuma ya Deo mlango ulikuwa wazi na kipande cha ngazi kilionekana, cheupe kwa jua. Halfani alizijua ngazi zile. Alikuwa amezitazama miaka sita, na katika picha nyingine zilikuwa uchochoro, daraja, au chumba cha hoteli, lakini zilikuwa ni zile zile. Aliwaza watoto watatu. Aliwaza spana ikigonga bati.

"Anasema," alianza, na leso ikalowa. "Anasema treni ya kwenda Newala imechelewa. Anaomba radhi kwa abiria wote."

Newala haijawahi kuwa na reli. Kibanda kizima kilitoa pumzi.

"Aaa," alisema Bwana Dadi. "Treni."

"Treni hizo zinachelewa kweli," alisema mwingine, na mwenye karanga akatafuna.

"Hakusema hivyo," alisema Mama Flora. "Nyote mmesikia. Hakusema hivyo."

"Kaa, mama, unatuzibia," mtu alimwambia kwa upole, akimvuta kanga.

"Mwenye kazi ya kujua Kihindi ni mtafsiri," alisema Mzee Sultani, na hakuna aliyemkumbusha kwamba hakikuwa Kihindi.

Deo alichukua kofia yake. Hakuonekana kumkasirikia mtu. Alitoka nje kwa mlango ule ule, akateremka ngazi ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu wakampiga risasi. Kwa mara ya kwanza Masasi hakuna aliyelalamika kwamba steringi amekufa. Walimpigia makofi, tena marefu, na Bwana Dadi akasema kwamba huyu ni mwigizaji, wengine wote ni wacheza ngoma.

Msimu uliisha. Mama Flora hakupata mtu mmoja, akatoka shambani na binti yake, akahamia kwa kaka yake, huko Lisekese. Korosho za mikorosho ile mizuri zilikaushwa kwenye uwanja wa Mzee Sultani pamoja na nyingine, huwezi kuzitofautisha. Kwa lile shimo bovu mzee alileta fundi akalifunika kwa zege, akalilainisha juu kwa mwiko, na wakati wa mavuno linafaa sana kuanikia.

Deo hatimaye amepata heshima aliyostahili. Watu wanatoka Ndanda, wanatoka Newala yenyewe, kuja kumwona Mhindi anayesema Chimakonde. Vibanda vilivyomkataa sasa vinamtafuta. Vijana wanafunga mashati mpaka kifungo cha juu. Wanabishana juu ya picha gani kati ya kumi na moja ni bora, na wanasema yale yale ambayo Halfani aliyasema miaka sita bila kusikilizwa, juu ya kikombe, juu ya kofia, juu ya mikono. Halfani hachangii. Anaogopa bado, anaogopa kila siku ya Mungu, ila sasa anaogopa kwa utaratibu, kuanzia Ijumaa jioni.

Kila Jumamosi Deo anatoa ushahidi wake wote, kwa sauti, umeme ukiwepo au usiwepo. Halfani hamfuniki tena. Hakuna haja. Anamwacha aseme mpaka mwisho, na kibanda chote kinasikiliza kwa makini, Mzee Sultani akiwa kwenye kiti chake. Kisha Halfani anawatafsiria. Wiki moja ni treni. Wiki nyingine mvua zimekaribia, au karani anamwombea hakimu afya njema. Watu wanasema aaa.

Mama Flora huja kwa miguu kutoka Lisekese. Analipa kiingilio kama wengine, anakaa mwisho wa benchi, anamsikiliza Deo neno kwa neno. Deo akishasema amemaliza, mama anainuka. Watu wanakunja magoti apite na hakuna anayemtazama usoni. Halfani anangoja mpaka awe ametoka kabisa, mpaka pazia la mlangoni litulie. Halafu ndipo anapofungua kipaza sauti.